Vifungo Vitano kwenye Mitego ya Baba

Saint-Aubin, Maine
1 Desemba 1974

Kaka Normand,

Ziwa limeganda. Baba mdogo Rosaire alitembea juu yake jana mpaka kwenye jiwe la Chassé na kurudi, anasema barafu imeshafika unene wa kiganja. Mama ameniambia nikuandikie mimi, kwa sababu yeye akishika kalamu inatoka orodha ya vitu vya dukani.

Habari yenyewe ni hii. Baba mdogo anaitaka mitego ya Baba ya kuvulia samaki kwenye barafu. Hakuomba vibaya. Alikuja Jumapili baada ya misa, akakaa pale pale anapokaa siku zote, akasema, "Cédulie, mbao zikikaa bila kazi zinapinda."

Mama akamjibu, "Mbona wewe umepinda, Rosaire, na kazi unayo?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilisikia kwamba kuna watu wanacheka, kama unavyosikia redio ya jirani ukutani.

Nimeishusha kutoka darini kwenye nyumba ya viazi. Iko mitano kama kawaida: msalaba wa mbao unaolala juu ya shimo, gurudumu la uzi linaloning'inia majini, na kibendera chekundu alichokata kwenye fulana yake ya ndani mwaka ule Mama alipokasirika. Nimeipanga chini ya kitanda changu. Sijui kwa nini chini ya kitanda.

Watu wananiuliza naendeleaje. Naenda shule, asubuhi Kifaransa, mchana Kiingereza, narudi, nawapelekea kuku maji ya moto. Sijalia tangu tumzike Baba Oktoba, hata kanisani. Mwalimu anasema ni kawaida. Sijui kama wewe ulilia huko ulipo. Usilijibu hilo kama hutaki.

Nijibu la mitego tu. Tumpe?

Odile


Bristol, Connecticut
9 Desemba 1974

Kiroboto,

Hapana. Hapana mara tano, moja kwa kila mtego.

Usimpe Rosaire hata kijiti. Rosaire anatega kama mtu anayeanika soksi. Na wewe usiviguse vifungo! Umesikia? Kama umeshavigusa, niambie sasa hivi nije nikunyonge.

Sikiliza nikueleze ninachofikiria, maana nimekuwa nikikifikiria kwenye mashine kiwandani mpaka msimamizi akaniuliza kama nimependa. Unajua kile kifungo cha shati ambacho Baba alikitia kwenye mshipi wa kila mtego. Unashusha chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, mpaka liguse tope, unalipandisha juu urefu wa mkono, halafu unakisogeza kifungo mpaka kwenye mdomo wa gurudumu. Samaki akikimbia na uzi wote, huna haja ya kupima upya. Unashusha chambo, kifungo kikifika, umerudi kwenye kina kile kile. Sasa tumia akili. Vifungo viko pale Baba alipoviacha Machi. Kina cha mahali pake pa siri kiko chini ya kitanda chako.

Na mimi ninao mstari wa kufika huko. Nilipokuwa na miaka kumi aliropoka mara moja: mnara wa kanisa ukae juu ya paa la nyumba ya viazi ya Chassé. Mstari ninao, kina ukinipa, nitatembea nikitoboa mpaka tope likubaliane na vifungo.

Nitakwambia kwa nini, halafu hatutaongea habari hii tena. Krismasi iliyopita nilimwomba anipeleke. Nilikuwa na siku nne. Niliomba vizuri, kofia mkononi kama mpumbavu. Aliangalia sahani yake akasema, "Mahali pale si pa wageni." Wageni, Odile. Mimi niliyezaliwa kwenye chumba kile cha nyuma. Kwa sababu nimekuja kutengeneza vyuma Connecticut badala ya kuokota viazi vyake. Nikaondoka siku moja kabla ya siku zangu kwisha. Hatukuongea tena. Na Oktoba bosi hakunipa ruhusa, hilo unalijua.

Kwa hiyo nataka kutega pale. Siku moja inatosha. Nikitega pale, mimi si mgeni. Ni hilo tu ninalolitaka kwake, na haliwezi kumuudhi sasa.

Pima kuanzia ndoana mpaka kifungo. Usipime kwa mikono yako mifupi. Chukua kamba ya Mama ya kuanikia nguo, piga fundo kila futi sita, hizo ndizo pima za kweli.

Na andika Kiingereza kama ulivyofanya. Kifaransa chenu cha shuleni nakisoma kwa kupapasa. Sisi tulichapwa rula kwa kukiongea, nyinyi mnapewa alama kwa kukiandika. Dunia hii.

Normand


Saint-Aubin
22 Desemba 1974

Kaka Normand,

Nimepima kwa kamba ya Mama kama ulivyosema. Wa kwanza pima tisa. Wa pili pima tisa na nusu. Wa tatu pima kumi na moja. Wa nne pima kumi na mbili. Ule wa tano, wenye kifungo cha bluu, kifyatuo chake kimevunjika na mshipi umejisokota vibaya, kwa hiyo sikuupima.

Magurudumu nimeyapaka grisi ya baridi, ile ya kopo la kijani. Ndoana mbili zilikuwa na kutu, nimebadilisha.

Mama ametengeneza mikate ya nyama sita kwa ajili ya mkesha, halafu akakumbuka kwamba tuko wawili. Minne ameipeleka kwa masista. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la stoo. Kuku mmoja amekufa, yule mwenye kucha mbaya. Baba mdogo Rosaire hakukasirika kuhusu mitego, alisema tu, "Basi mwambie mtu wa Connecticut asisahau barafu iko upande gani."

Sina jingine.

Odile


Bristol
5 Januari 1975

Kiroboto wangu,

Kumi na mbili! Nilijua. Nilijua ni shimo refu. Mzee wa Kipolandi anayekaa chumba cha chini alinikuta kwenye ngazi nimetanua mikono, napima kuta, akaenda kumwambia mwenye nyumba kwamba kijana wa juu ameanza wazimu.

Nimepata ruhusa. Nafika kwa basi Jumamosi tarehe 8 Februari, naondoka Jumatatu. Keekee ya Baba ya kutobolea barafu inoe, au mpe Rosaire ainoe, hilo analiweza.

Vifyatuo virekebishe wewe, una mkono mwepesi. Unakumbuka Baba alivyokuwa anavijaribu? Anainama, anakipulizia kibendera. Kikifyatuka kwa pumzi, upepo utakudanganya siku nzima, kaza. Kisipofyatuka kwa kidole kidogo, samaki ataonja chambo na kwenda zake, legeza. Kati ya pumzi na kidole. Nilimwambia mzee wa Kipolandi maneno hayo, akanipa kinywaji.

Ule wa bluu pole. Kile kilikuwa kifungo cha koti lako la darasa la kwanza. Kiling'oka ukalia kutwa nzima, naye badala ya kukishona akakutengenezea mtego. Mimi nilipopoteza glovu nilikula kofi. Sisemi kitu, nakumbuka tu.

Usinipokee kituoni na sura ya mazishi. Njoo na sleji ya kukokotea mizigo kwenye theluji.

Normand


Saint-Aubin
16 Februari 1975

Kaka,

Barua hii naiandika kwa lugha ya nyumbani. Najua ni kazi kwako. Funga mlango uisome kwa sauti, polepole, ujisikie mwenyewe ukisema. Zile nyingine nilikuandikia kwa Kiingereza na kwa Kiingereza naweza kudanganya bila uso kupata moto.

Namba zile nilizitunga. Nilizitunga mezani, Mama akikanda unga pembeni yangu, na ile "na nusu" niliiweka ili zifanane na namba za kweli.

Ulitoboa mashimo arobaini na moja. Niliyahesabu kutoka gatini, kwa sababu ulisema nisije, umekwishakuwa na baridi ya kutosha bila kuniangalia nikitetemeka. Mnara juu ya paa la Chassé, shimo, chubwi, kichwa unatikisa, hatua kumi, shimo. Jumapili hukuja misa. Jumatatu asubuhi uliingia jikoni, ndevu zote barafu, Mama akakuwekea chapati za ngano nyeusi na siagi, ukala tatu umesimama. Ukasema, "Pima kumi na mbili hakuna. Ziwa zima hakuna." Halafu mlangoni, begi begani, ukasema, "Hata vifungo vyake vimenikatalia." Ukaondoka na basi. Nilikuwa nimesimama nimeshika birika. Sikusikia chochote. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: sikusikia chochote moyoni, niliangalia tu kama birika limejaa.

Sasa iliyobaki.

Vifungo vyote vitano havikuwa vinafika hata pima mbili. Siku tatu kabla hujaja nilivisogeza vinne vilingane na barua yangu. Cha bluu kilinishinda. Nilikishika kwa vidole viwili, nikakiacha. Nikauficha mtego nyuma ya pipa la unga. Kifyatuo chake hakijawahi kuvunjika.

Baba hakwenda mahali pake hata siku moja msimu wote uliopita. Jumamosi ya kwanza barafu ilipoweza kubeba mtu, Desemba ya mwaka juzi, kabla wewe hujaja Krismasi, tulitoka wawili na sleji. Hatukufika mbali na gati, akasimama. Akakaa juu ya sleji. Akasema, "Ngoja nifunge kiatu." Alikuwa amevaa vile viatu vya mpira na sufi. Havina kamba, Kaka. Nilisimama nikamwangalia mtu akifunga kamba zisizokuwepo.

Alipoinuka aliangalia kule mbali, akasema, "Leo tutege hapa hapa. Wale wa kule wamechoka kutuona." Pale matetini! Pale watoto wa darasa la kwanza wanapovua sangara wa kidole. Akanipa keekee. Hajawahi kunipa keekee. Nikatoboa matano, yeye akashusha mishipi na kusogeza vifungo, kila kifungo kikimponyoka mara mbili, nilijiambia ni baridi. Kisha akainama kukijaribu kibendera. Akapuliza. Hakikutikisika. Akapuliza tena, nikasikia kama mlango unaokwaruza. Akasema, "Puliza wewe. Mimi nimekula vitunguu."

Nikapuliza. Vyote vitano. Kila Jumamosi mpaka Machi nilipuliza mimi.

Siku ile ile, wakati wa kurudi, akaniambia, "Odile, tunapotega ni siri yetu. Usimwambie mama yako, wala Normand. Hasa Normand."

Nikasema, "Ndiyo, Baba." Unanijua. Mimi nasema ndiyo hata nikikanyagwa.

Halafu ukaja Krismasi ukamwomba. Nilikuwa kwenye ngazi, nilisikia alichokujibu, na nilikuona ulivyoikunja ile kofia. Ulipopanda kufungasha, yeye alitoka nje bila koti. Nikamfuata. Alikuwa amelishika lango la nyumba ya viazi kwa mikono miwili, kama mtu anayesukuma gari. Hakugeuka. Akasema, "Angeniona nikikaa chini mara tatu kabla ya kufika jiwe la Chassé." Halafu akasema, "Mwakani nitampeleka."

Hukuwa mgeni. Alitafuta neno la kukufukuza haraka na hilo ndilo lilikuwa karibu. Ningeweza kukwambia siku ile ile, ulikuwa umeketi kitandani na mlango wazi. Nilipita. Nilikuwa na taulo mkononi, nikaenda nikazitundika taulo.

Bado kidogo, usichoke.

Oktoba, kwenye mavuno, nilikuwa mistari minne kutoka kwake. Shule imefungwa, shamba zima watu wameinama. Niliinua kichwa nikamwona amekaa juu ya pipa, ameinamia miguu yake. Nikafikiri: anafunga kiatu. Nikaendelea kuokota. Nilijaza kikapu kizima, Kaka. Nikakimwaga. Ndipo nikasikia Baba mdogo anaita.

Ningemwambia Mama Desemba ile, angemburuta kwa daktari hata kwa masikio. Sijamwambia mpaka leo. Hajui kitu, na mimi kila siku nakula naye meza moja.

Huna haja ya kunijibu. Vile vifungo vinne siwezi kuvirudisha, sikumbuki vizuri vilikuwa wapi.

Odile


Bristol
2 Machi 1975

Kiroboto,

Hii naiandika kama tunavyoongea. Mwalimu wako akiiona atazimia, mfiche.

Niliisoma kwenye chumba cha tanuri, chini, kwa sababu kule juu kuta ni karatasi. Nilisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye viatu, mzee wa Kipolandi akagonga kuuliza nasali kwa lugha gani. Nikamwambia ya nyumbani. Akaondoka taratibu.

Siku nne nilikuwa na hasira na wewe. Nilikuandikia barua mbili mbaya, ziko tanurini. Mashimo arobaini na moja! Mabega yangu hayajapona. Unastahili kuchapwa. Siku ya tano hasira iliisha yenyewe na hakikuja kingine mahali pake, nikaenda kazini.

Na mimi nina langu. Bosi hakuninyima ruhusa. Alinipa siku tano na akanishika bega, mtu ambaye hajui hata jina langu la kwanza. Nilipanda basi. Nilifika Bangor. Pale kituoni kuna mashine ya kahawa inayokula pesa bila kutoa kahawa. Nilikaa mbele yake. Basi la kuja kwenu likaitwa. Nilikuwa nawaza: nitaingia kanisani, watageuka wote, na nitakuwa mgeni. Nikaliangalia likijaa, likafunga mlango, likaondoka. Nikakata tiketi ya kurudi. Mkimshusha kaburini, mimi nilikuwa nimelala kwenye kiti cha basi, mdomo wazi.

Basi, umelijua. Wewe ulikuwa mistari minne kutoka kwake, mimi nilikuwa Bangor. Siwezi kukwambia si kosa lako, hutaniamini, na mimi ukiniambia sitakuamini. Lakini kutoboa ulimtobolea. Kupuliza ulimpulizia.

Nataka kitu kimoja kabla barafu haijaoza. Kule kwenye kina kirefu sipataki tena. Chukua ule wa bluu. Nenda matetini, toboa mpaka tope likubaliane na kifungo. Kitu kile kile nilichotaka kufanya mimi, ila wewe ufanye mahali pa kweli. Halafu niandikie ni wapi hasa. Hatua ngapi. Hata kama ni pa darasa la kwanza.

Mama umwambie au usimwambie, mimi sijui mambo hayo.

Normand


Saint-Aubin
23 Machi 1975, Jumapili ya Matawi

Kaka,

Nilikwenda jana, Jumamosi. Juu kuna maji ya kuyeyuka yanafika kifundoni, lakini chini barafu bado ni nene, keekee ilizama karibu yote.

Shimo la kwanza, chubwi liligusa tope mapema mno, kifungo kikabaki bado ndani ya gurudumu. La pili, nilisogea upande wa nje, likapita, kifungo kikazama kabla ya tope. La tatu nililitoboa katikati, kando ya yale matete yaliyovunjika ambayo yanafanana na ufagio. Chubwi likagusa. Nikapandisha urefu wa mkono. Urefu wa mkono wangu, nikakumbuka wa Baba, nikaongeza kidogo. Kifungo cha bluu kikaja kikagonga mdomo wa gurudumu. Kwa sauti kabisa, kama jino.

Nikatia dagaa hai kwenye ndoana, nikashusha. Nikainama nikapuliza. Kibendera kikatikisika kidogo, hakikufyatuka. Nikakigusa kwa kidole kidogo, kikaruka. Nikakikunja tena. Halafu nikasimama niangalie tuko wapi, ili nikuandikie.

Kaka, niliinua uso na mbele yangu lilikuwa dirisha la jikoni. Si karibu nalo. Lenyewe, moja kwa moja, na Mama ndani yake akifuta kioo kwa kiwiko kama anavyofanya. Niliona mpaka rangi ya chungu cha maua. Baridi nzima nilipokuwa hapo nilikuwa naangalia shimo, au namwangalia Baba. Yeye alikuwa anakaa amelipa mgongo dirisha. Sijui kama aligeuka hata mara moja.

Nikaurudia mkondo wa sleji mpaka nyumbani. Mtego niliuacha umetegwa, unaonekana. Mama alikuwa anageuza chapati.

Akasema, bila kugeuka, "Umelipata?"

"Nini?"

"Shimo lake. Si ulikuwa unalitafuta? Ulianza kushoto mno."

Nikavua kofia. Nikaivaa tena. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

"Odile. Bibi yako alitobolewa dirisha hili ajue wakati wa kuweka sufuria motoni, wanaume wakirudi. Unadhani baridi nzima nilikuwa naangalia nini, kunguru?"

"Mbona hukusema?"

"Alikuwa anajificha kwa bidii sana, maskini. Ningemharibia." Akaiweka chapati kwenye sahani, akaifunika kwa kitambaa. "Nilikuwa nahesabu. Akikaa juu ya sleji nasali Baba Yetu moja, taratibu. Nikifika amina na bado amekaa, navaa koti. Ndivyo nilivyojipangia. Hakuwahi kunifikisha amina."

Nikamwambia kuhusu pipa. Nilimwambia yote, mistari minne, kiatu, kikapu. Sijui nilisema kwa lugha gani. Alimimina unga mwingine kwenye chuma, akaungoja utoboke vitundu, akaugeuza. Kisha akasema, "Shamba la viazi halionekani kutoka hapa." Ni hilo tu alilosema. Chapati ile iliungua upande mmoja na aliila yeye.

Tukakaa. Halafu akasema, "Kibendera kimesimama. Nenda."

Nilikimbia bila glovu. Hakukuwa na samaki. Amekula dagaa akaenda zake, uzi umetoka pima moja tu. Niliuvuta, nikatia chambo kingine, vidole vikawa havinisikii tena, vikaanza kuuma, vikauma hasa, mpaka ndani ya kucha. Nikashusha mpaka kifungo. Nikainama kupuliza na pumzi haikutoka vizuri. Nikakaa juu ya sleji.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Niliposikia maji yanachapwa na miguu, niligeuka, na Mama alikuwa anakuja juu ya barafu, amevaa koti la Baba, mikono haionekani kwenye mikono ya koti.

Ni hatua sitini na nne kutoka gatini, za kwangu. Zako zitakuwa hamsini. Kifungo sijakisogeza.

Odile